Pengo Ukutani: Uchanganuzi wa Nafsi na Siri ya Kuumba



Jioni ya tarehe 6 Desemba 1907, mjini Vienna, watu wapatao tisini walikusanyika kwa Hugo Heller, mchapishaji na muuza vitabu, wamsikilize daktari wa maradhi ya neva mwenye umri wa miaka 51. Jina lake Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi. Siku hiyo hakuja kueleza habari za wagonjwa wake. Alikuja na swali ambalo kila msomaji wa riwaya na kila msikilizaji wa malenga amewahi kujiuliza kimoyomoyo: huyu mtu anayatoa wapi haya? Na nyuma ya swali hilo lipo jingine, gumu zaidi: anafanyaje hata maneno yatuchome namna hii, ilhali mimi ningeyasema yaleyale yasingemgusa mtu?

Freud alianza na mtoto. Mtoto anayecheza, alisema, ni ndugu wa mtunzi. Anajiumbia dunia yake, anavipanga vitu anavyotaka viwe, na kazi hiyo anaifanya kwa dhati kabisa, ingawa anajua fika kwamba dunia ya watu wazima haiko hivyo. Akikua anaacha wanasesere wa matambara na magari ya waya. Lakini binadamu haachi kirahisi raha aliyokwisha kuionja, anaibadilisha tu. Mtu mzima badala ya kucheza huota ndoto za mchana. Anajiona tajiri, anajiona anapendwa, anajiona adui zake wamepiga magoti. Na ndoto hizo huzificha kwa aibu kuliko anavyoficha makosa yake ya kweli. Mtunzi ndiye peke yake anayezitoa hadharani, tena tukashukuru.

Kwa nini tushukuru, wakati ndoto ya jirani yetu tukisimuliwa huwa inatuchosha au inatukera? Freud alijibu kwamba mtunzi huilainisha ndoto yake, huifunika, kisha hutuvuta kwa uzuri wa umbo. Uzuri huo ni kishawishi cha kutuingiza ndani, ambako raha kubwa zaidi inatungoja: raha ya kuona matamanio yetu wenyewe yakitimia bila kuona haya.

Nimeusoma mhadhara ule mara nyingi na bado naupenda. Uliuondolea mchezo wa mtoto dharau ya kuitwa upuuzi. Ulisema jambo ambalo wakati ule lilihitaji ujasiri, kwamba anayeumba hatofautiani nasi kwa asili ya nafsi yake, kwa kuwa sote tuna kile kina ambacho wahakiki wetu wamekiita ung'amuzibwete, yaani sehemu ya nafsi isiyojijua, na sote tunaishi tukisukumwa nacho. Ila hapo kwenye umbo ndipo ninapotofautiana na Freud, na tofauti hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Kama umbo ni kishawishi tu, basi vina, mizani, rangi na muundo ni urembo wa mlangoni. Mimi nadai kwamba umbo ndilo kazi yenyewe, na kwamba waliokuja baada ya Freud, hasa wanawake wawili waliofanya kazi London, walituonyesha kwa nini.

Kwanza tuone njia ilipopotea. Mwaka 1910 Freud alitoa kitabu kidogo juu ya Leonardo da Vinci, kitabu alichokipenda sana. Leonardo aliacha maandishi yanayosema kwamba alipokuwa mchanga, amelala kitandani mwake, ndege alimshukia akamfungua kinywa kwa mkia wake. Leonardo alimtaja mwewe. Freud, akitegemea tafsiri ya Kijerumani, alimsoma kuwa tumbusi. Kutoka kwa tumbusi alikwenda hadi Misri ya kale, kwa mungu mama Mut aliyechorwa akiwa na kichwa cha ndege huyo, na kutoka huko akarudi kujenga utoto mzima wa Leonardo: mtoto wa nje ya ndoa, aliyelelewa kwanza na mama peke yake, kisha akapata mama wa pili nyumbani kwa baba yake. Hao mama wawili akawaona katika picha iliyoko Louvre, ya Mtakatifu Anna na Bikira Maria na mtoto. Mwaka 1956 mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro alionyesha kwamba kuwachora Anna na Maria pamoja lilikuwa jambo la kawaida enzi za Leonardo. Ibada ya Mtakatifu Anna ilikuwa imeenea, na wachoraji wengi wasio na mama wawili waliichora.

Kosa la ndege naweza kulisamehe. Linalonisumbua ni mwendo wa hoja. Picha imegeuzwa ushahidi wa kesi, na ikishatoa siri ya mwenyewe haina kazi tena. Kwa hoja ya namna hiyo mchoro mbovu ungefaa sawasawa na mchoro mzuri. Na ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa fasihi wanaoingia kwenye nadharia ya uchanganuzi wa nafsi kwa pupa: ukimsoma mshairi ukaishia kutuambia alimchukia baba yake, hujatuambia lolote kuhusu shairi.

Lakini Freud mwenyewe alijua kutazama alipotaka. Septemba 1913 alikuwa Roma, na siku baada ya siku alikwenda peke yake katika kanisa la San Pietro in Vincoli kusimama mbele ya sanamu ya Musa, ambayo Michelangelo aliichonga kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili. Aliitazama, akaipima, akaichora. Makala yake ilitoka mwaka 1914 katika jarida la Imago bila jina lake. Humo hajishughulishi na mama wala baba ya Michelangelo. Anauliza mkono wa kulia unafanya nini ndani ya zile ndevu, na kwa nini vibao vya sheria vimeinama karibu vianguke. Jibu lake ni kwamba huyu Musa alitaka kunyanyuka kwa ghadhabu awavunjie watu wake vile vibao, akajizuia. Tunachokiona ni mwili uliokwisha kumeza hasira. Wengi wamesema Freud alijiona mwenyewe pale, kwa kuwa mwaka 1913 uhusiano wake na Carl Jung, mchanganuzi mwenzake, ulikuwa umevunjika. Huenda. Lakini alichokiona kimo kwenye jiwe. Yeyote anaweza kwenda akatazama kidole kwa kidole akakubali au akakataa, na huko ndiko kusoma kazi ya sanaa.

Mwaka 1928, akiandika juu ya Dostoevsky, Freud alikiri kwamba mbele ya kipaji cha mtunzi uchanganuzi wa nafsi hauna budi kuweka silaha chini. Mwaka uliofuata, mchanganuzi mwenzake, mwanamke aliyezaliwa Vienna na kuhamia London mwaka 1926, alilishika swali kwa upande mwingine kabisa.

Melanie Klein alikuwa akiwatibu watoto wadogo, na kwa kuwa mtoto hawezi kulala kwenye kochi akasimulia maisha yake, aliwapa vitu vidogo vya kuchezea akawatazama wakicheza. Alichokiona kilimtisha na kikawaudhi wengi waliomsikia. Mtoto anampenda mama yake na anamchukia mama huyohuyo, kwa kuwa ziwa linalomshibisha ndilo linaloondolewa. Katika njozi zake anamrarua, anamwibia, anamharibu. Kisha anaingiwa na hofu: je, kama nimemwangamiza kweli? Kwenye hofu hiyo na majuto hayo, Klein aliona linachipuka tamanio jipya, la kutengeneza kile alichodhani amekiharibu.

Katika makala yake ya 1929 alichukua mifano miwili, yote aliyoisoma tu. Mmoja ni opera ya Ravel iliyoonyeshwa mara ya kwanza Monte Carlo mwaka 1925, ambayo maneno yake yaliandikwa na Colette. Mtoto mtukutu anavunja vyombo na kutesa wanyama, vitu vinamgeukia, na utulivu unarudi pale tu anapolifunga jeraha la kindi na kulitamka neno mama. Mfano wa pili unatoka kwa mwandishi wa Denmark, Karin Michaelis, na huo ndio umenipa kichwa cha mhadhara huu.

Ruth Kjär alikuwa na mali, uzuri na nyumba iliyojaa kazi za sanaa. Hata hivyo huzuni ilimwangukia mara kwa mara, na alipoulizwa alisema kuna mahali patupu ndani yake asipoweza kupajaza. Aliolewa, akafurahi, huzuni ikarudi. Shemeji yake alikuwa mchoraji, na picha zake zilitundikwa kwenye kuta za nyumba ile. Karibu na Krismasi picha mojawapo iliuzwa, ikachukuliwa. Pakabaki pengo ukutani. Ruth akawa analitazama, na kadiri alivyolitazama ndivyo lilivyofanana na lile la ndani, hata akashindwa kustahimili. Siku moja alisema atapaka rangi mwenyewe ukutani pale. Hakuwahi kushika brashi. Alimpigia simu muuza rangi aliyekuwa akimuuzia shemeji yake aletewe vifaa, akaanza bila kujua aanzie wapi. Mumewe aliporudi alimkuta kama ana homa. Shemeji alipoitwa alikataa katakata kuamini kwamba mkono usiowahi kuchora ndio uliofanya vile. Kuanzia hapo Ruth alichora watu wa familia yake, na miongoni mwa picha alizozitaja Klein mwishoni kuna ya mwanamke mzee aliyekunjamana, na ya mama yake Ruth mwenyewe, amesimama kwa fahari na nguvu zake zote.

Klein aliona katika safari hiyo, kutoka kikongwe aliyechakaa hadi mama mwenye enzi, mtoto anayemrudishia mama yake uzima aliompokonya katika njozi. Mimi siichukui simulizi hii kama ushahidi wa maabara, maana Klein hakumwona Ruth Kjär hata siku moja. Naichukua kwa kile ilichofungua. Kwa mara ya kwanza kuumba hakukuelezwa kama tamaa iliyojificha. Kulielezwa kama deni la mapenzi.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita kama alivyolipita Klein. Picha ya kwanza kabisa, ile iliyoziba pengo, ilikuwa ya mwanamke Mweusi, uchi, wa kimo cha mtu kamili. Klein anaitaja na kwenda zake. Kwa nini mwanamke wa Ulaya, katika sebule ya matajiri, alipotaka kuziba utupu wake aliuleta mwili huo? Ilibidi Frantz Fanon wa Martinique, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aje mwaka 1952 na kitabu chake juu ya ngozi nyeusi na barakoa nyeupe, ndipo swali la namna hiyo liulizwe kwa nguvu: mawazo ya Ulaya yanautumia vipi mwili wa Mwafrika kubebea matamanio na hofu zake? Nadharia inayosema juu ya nafsi ya binadamu yeyote haina budi kuulizwa ni binadamu gani iliwasahau ilipokuwa ikitazama.

Mwaka huohuo wa 1952, Hanna Segal, Myahudi aliyezaliwa Poland na mwanafunzi wa Klein, alichapisha makala ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote katika uwanja huu. Anasema kila uumbaji ni kuumba tena kitu kilichopendwa, kilichokuwa kizima, kikapotea au kikaharibika. Asiyekubali kwamba kimepotea hawezi kukiumba. Ataishia kutoa kazi tamu isiyo na uzito, au atakaa kimya. Anayeumba amelia kwanza. Na hapa Segal anaingia pale Freud aliposhindwa. Katika tanzia, anasema, yaliyomo ni uharibifu: wazazi wanauawa, falme zinaanguka, mapenzi yanageuka sumu. Lakini umbo ni zima. Mpangilio, mdundo, kila neno mahali pake. Uharibifu unatazamwa bila kupunguzwa, na palepale ndani ya kitu kisichovunjika. Kwa hiyo umbo ndipo kutengeneza kunapofanyika.

Segal alimtumia mwandishi Mfaransa Proust kama mfano wake. Mimi nitamtumia mwandishi Mwingereza Virginia Woolf, maana maisha yake yanapita katikati ya habari hii. Mama yake alifariki mwaka 1895, Virginia akiwa na miaka 13. Kwa miongo mitatu aliendelea kumwona na kuisikia sauti yake. Kisha akaandika riwaya ya To the Lighthouse, iliyotoka mwaka 1927, akaiandika kwa haraka iliyomshangaza, na alipoimaliza sauti ile ikanyamaza. Miaka mingi baadaye, akiandika kumbukumbu zake, alisema huenda alijifanyia mwenyewe kile ambacho wachanganuzi wa nafsi huwafanyia wagonjwa wao, ila hakuelewa kwa nini kumweleza mama kulilegeza lile lililomshika. Hakuwahi kutibiwa kwa njia hiyo, ingawa yeye na mumewe Leonard ndio waliokuwa wachapishaji wa Freud kwa Kiingereza. Tarehe 28 Januari 1939 walimtembelea Freud, mkimbizi London, mgonjwa, akiwa amebakiwa na miezi michache. Alimpa Virginia ua la nasisi.

Sasa itazameni riwaya yenyewe. Sehemu ya kwanza imejaa bibi mmoja, Ramsay, anayewakusanya watu wote mezani kwake. Sehemu ya pili ni nyumba tupu. Upepo unapita vyumbani, vumbi linatua, miaka kumi inakwenda, na kifo cha bibi huyo kinatajwa kwa sentensi moja ndani ya mabano. Katika sehemu ya tatu mchoraji Lily Briscoe anarudi kwenye picha aliyoshindwa kuimaliza, na anaimaliza. Woolf hakuziba pengo lake. Alilijengea. Aliliweka katikati ya kitabu na kuzipanga sehemu mbili kubwa pande zake, hata msomaji analazimika kupita ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Mwambieni mtu kwamba huo ni urembo wa mlangoni!

Nasi tunayo kazi ya namna hiyo karibu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi la maombolezo. Wengi hapa tulilisoma shuleni. Sitaki kumweka Shaaban Robert kwenye kochi. Namwomba msomaji asikilize tu jinsi vina vinavyoshikilia beti, na jinsi kituo kinavyorudi kila ubeti unapoisha. Nyumba ya mtu imevunjika, na yeye anahesabu mizani. Asiyejua utunzi atadhani huko ni kujizuia. Aliyewahi kufiwa akashika kalamu anajua kwamba bila hesabu ile asingeweza kulitamka jina la marehemu mpaka mwisho wa mstari.

Hata hivyo kutengeneza si kupona, na mchanganuzi anayeahidi kwamba sanaa itaponya anadanganya. Woolf alijitoa uhai Machi 1941, akiwa ameandika baadhi ya vitabu vizima kuliko vyote vya karne yake.

D. W. Winnicott lazima nimtaje, ingawa kwa ufupi. Alikuwa daktari wa watoto katika hospitali ya Paddington Green, London, kwa miaka ipatayo arobaini, na nadhani ndiye aliyeirudisha hoja ya mchezo mahali ambapo Freud aliiacha mwaka 1907. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1953 alieleza habari ya kitu ambacho kila mzazi anakijua: kitambaa, kipande cha blanketi, kwetu mara nyingi kanga ya mama, ambacho mtoto halali bila kukishika, na ole wako ukikifua harufu ikatoka. Kitu hicho si mama, wala si mtoto. Kiko nje, kinashikika, lakini maana yake yote mtoto ndiye aliyekipa. Winnicott alisema hakuna mzazi mwenye busara anayemhoji mtoto kama hicho amekikuta au amekibuni. Tunamwachia. Katika eneo hilo la kati, asipohojiwa mtu, ndimo mchezo unamozaliwa, na baadaye sanaa, na ibada pia. Mtoto asiyepewa eneo hilo, anayehojiwa na kusahihishwa kila anapobuni, hujifunza kutii vizuri sana, na hapo Winnicott alikuwa na hofu kubwa, kwa maana aliona kutii peke yake kunamfanya mtu ajione maisha hayana thamani. Nawaomba walimu waliomo humu wakae na hofu hiyo kidogo kabla ya kufuta kipindi cha sanaa kwenye ratiba ili kuongeza kipindi cha mazoezi ya mtihani.

Nimalizie na msanii aliyeyajua yote haya akayabishia. Louise Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911. Wazazi wake walikuwa na karakana ya kutengeneza mazulia ya ukutani ya zamani, yale yaliyofumwa kwa picha na kuliwa na nondo na panya. Mama yake, Joséphine, alisimamia kazi ya kuyashona upya, na Louise alipokuwa msichana mdogo alipewa kuchora sehemu zilizopotea, mara nyingi miguu, kwa kuwa upindo wa chini ndio unaochakaa kwanza. Mama alifariki mwaka 1932. Louise alihamia New York, na kuanzia mwaka 1952 alikwenda kwa mchanganuzi wa nafsi, Henry Lowenfeld, kwa miongo mitatu, akiandika alichokiota na kilichomuuma kwenye makaratasi mengi ambayo sehemu yake iligunduliwa akiwa mzee. Mwaka 1999 alikamilisha buibui wa chuma mwenye kimo cha mita zipatazo tisa, akamwita Maman, yaani Mama, kwa kuwa buibui hufuma, na utando wake ukikatwa huurudia bila ghadhabu.

Mtu angedhani mwanamke huyo ndiye mwanafunzi bora wa Klein. Lakini mwaka 1990 aliandika makala akimshambulia Freud, akisema kwamba hakuwafaa wasanii wala hakuyaelewa mateso yao, na akavitazama vile visanamu vya kale ambavyo Freud alivikusanya kwa maelfu kama vitu vya mtu aliyependa kumiliki. Kwa maoni yake mateso ya msanii hayaponyeki, ndiyo sababu anarudia kufanya kazi. Nakubaliana naye juu ya marudio. Klein alimwacha Ruth Kjär mbele ya picha ya mama mwenye enzi kana kwamba deni limelipwa. Bourgeois, aliyekulia katika karakana ambamo kila zulia lililoshonwa lilifuatwa na jingine lililotoboka, alishona na kuchonga hadi mwaka aliofariki, 2010, akiwa na miaka 98, na katika miaka yake ya mwisho alikata nguo zake kuukuu pamoja na za mama yake, akazishona kuwa sanamu ambazo mishono yake aliiacha wazi ionekane.